Mzigo wa Mtoto

Nitaanza na lanchi, kwa sababu lanchi ndiyo iliyotufikisha pale.

Kampuni niliyoifanyia kazi ilisambaza maziwa na mtindi kutoka mjini Meru. Kila dereva alikuwa na gari dogo lenye boksi la baridi nyuma. Ulilipakia mwenyewe, ukaliendesha mwenyewe, ukashusha kreti mwenyewe. Katikati ya zamu kulikuwa na saa nzima iliyohesabiwa kuwa ya chakula, na saa hiyo haikulipwa. Ule, usile, inakatwa. Ukikwama kwa mteja anayehesabu paketi kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe, inakatwa. Wenzangu walitafuna mandazi mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na bado ikakatwa. Mimi nilipoelezwa sheria hiyo siku ya kwanza nilifurahi, mjinga mimi. Nilijiambia kwamba kama hawanilipi saa hiyo, basi ni yangu.

Nilikuwa na mtoto mchanga. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba mama mkwe alimbeba kwa viganja wiki za mwanzo, akiogopa kumfunga mgongoni. Muuguzi wa kliniki hakunificha. Aliniambia tumbo la huyu halijakomaa, maziwa ya ng'ombe asiguse, uji asiguse, anyonye tu mpaka uzito utakapofika panapofaa. Alisema hivyo akinitazama machoni, kwa sababu alishajua kazi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Embu ya chini, Umbeere, kwenye joto na mbuzi, nikaolewa Kanyakine, kwenye migomba na baridi. Mume wangu ni fundi wa mawe, na miaka hiyo alikuwa Isiolo, anarudi mwisho wa mwezi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtoto alibaki na mama mkwe, ambaye jina lake ndilo tulilompa mtoto kama desturi inavyotaka, na mama mkwe alimlea kama mtu anayejilea mwenyewe. Hakuna kulia, hakuna upepo, hakuna mgeni kushika mtoto kabla ya kunawa.

Ruti yangu ya kwanza ilikuwa ya mchana: Nkubu, Kanyakine, mpaka Igoji. Saa ya lanchi ikifika nilikunja kutoka barabara kuu, nikateremka na gari mpaka nyumbani, nikaketi jikoni na kunyonyesha. Mama mkwe aliniwekea sahani ya githeri kwenye goti nikala kwa mkono uliobaki. Mtoto anakula, mimi nakula, na nje boksi la baridi linanguruma. Sijui kama nimewahi kushiba vile tena.

Msimamizi wetu alikuwa kijana nadhifu wa rika langu. Ofisini kwake kulikuwa na skrini iliyoonyesha magari yote yalipo na yaliposimama. Siku moja akaniita.

"Mama, hii gari inaendanga wapi kila siku saa ya lanchi?"

"Nyumbani. Nanyonyesha mtoto."

"Lakini huko si ruti."

"Lakini hiyo saa hamnilipi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Lanchi ni yako. Gari ni yetu. Ukitaka kuenda, enda, lakini gari uiwache kwa barabara."

Ningenyamaza pale. Kutoka barabarani mpaka nyumbani ni mteremko mrefu, lakini mtu akikaza mwendo hufika. Badala yake nilimwuliza kama anaogopa kwamba mtoto atalinyonya gari. Wenzangu wawili waliokuwa mlangoni waliangua kicheko. Mdomo wangu huwa unanitangulia, na siku hiyo ulinitangulia mbali. Wiki iliyofuata nilihamishiwa zamu ya usiku.

Zamu ya usiku ilikuwa ya Embu. Tulipakia alasiri, tukaondoka jua likizama, tukapita Chuka na Runyenjes, tukashusha kwenye stoo za maduka makubwa mjini Embu wakati wenyewe wamelala. Kisha tuliteremka Siakago na Kiritiri, huko nilikozaliwa, ili maziwa yafike kabla joto halijaamka. Alfajiri tulikuwa tunapanda tena kurudi Meru. Usiku nao ulikuwa na lanchi. Saa hiyo ilikatwa vilevile, na ulitakiwa kuimaliza ndani ya ua wa stoo ya Embu, geti likiwa limefungwa. Barabarani haturuhusiwi kusimama kwa sababu ya wezi. Ukisimama, simu inalia kabla hujashika breki ya mkono.

Kwa hivyo kila usiku nilipita kwenye kona ya kuingilia nyumbani Kanyakine mara mbili, kwenda na kurudi, bila kusimama. Sijui nitalieleza vipi jambo hili kwa mtu ambaye hajanyonyesha. Mwili haujui habari za ruti. Nikikaribia ile kona kifua kilikuwa kinafunguka chenyewe, na mpaka nifike Igoji blauzi imelowa na mkanda wa gari unanikata kwenye maumivu. Nilikuwa nalia kwa sauti, peke yangu, na redio nimeifungulia.

Mwanzoni nilijaribu kwenda nyumbani asubuhi. Kurudisha kreti na kulinganisha hesabu na karani wa stoo kulinimalizia nusu ya asubuhi. Ndipo nipande gari la abiria, ninyonyeshe, nigeuze, nikapakie tena. Kulala hakukuwemo. Usiku mmoja, nikiteremka kuelekea daraja la Nithi, nilifumba macho. Sikumbuki kuyafumba. Nakumbuka kuyafungua, nikiwa upande usio wangu, na taa za lori zimejaa kioo chote. Nilimsimulia mama mkwe, naye akaendelea kumpangusa mtoto mdomo.

"Usikuje tena na huo usingizi," akasema. "Mtoto anataka maziwa, lakini anataka na mama. Wacha nifikirie."

Alichofikiria kilikuwa mzee mmoja, dereva mwenzangu, aliyepewa ruti yangu ya mchana. Mzee huyu alitahiriwa msimu mmoja na marehemu baba mkwe. Kwa asiyejua, jambo hili lina uzito. Mtu wa rika la baba mkwe wako ni baba mkwe wako. Hataniani nawe. Haingii unakolala. Ukimtoa mtoto kifuani, anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli nje. Kuna maneno ya mwili wa mwanamke ambayo hayatamki mbele yako, wala wewe mbele yake, hata nyumba ikiungua. Pale depo, kwenye ua wa kampuni Meru, alinisalimia kutoka mbali, kofia mkononi, na mimi nilimwita Baba. Vijana walitucheka, wakasema tunasalimiana kama watu wawili wanaodaiana.

Mama mkwe alimngoja nje ya kanisa Jumapili, akamwambia, "Kuna mzigo wa mtoto unatoka Meru kila siku."

"Nitauleta," mzee akasema.

Hakuuliza ni mzigo gani, na hakuna aliyemwambia.

Basi saa yangu ya lanchi kule Embu nikaitumia hivyo. Nilitandaza leso kwenye kioo cha mbele, nikajikamua kwa mkono ndani ya gari, polepole, kwa sababu ukiharakisha hayatoki. Mama wa chai wa karibu na geti aliniuzia maji moto ya kuchemshia chupa. Chupa yenyewe ilikuwa ya mtindi, mojawapo ya zile za kampuni ambazo kifuniko kikipata ufa dereva huruhusiwa kuzichukua. Nilibandua karatasi yake, nikatafuta kifuniko kizima, nikaisugua. Sikuwa na nyingine. Ikishajaa niliizika kwenye barafu ya boksi la nyuma, na nikifika Meru niliifunga kwa leso, nikaitia kwenye kiondo, kikapu changu cha kusuka, nikakiweka kiondo juu ya kiti cha gari la mzee kabla hajafika. Hatukukabidhiana kitu mkono kwa mkono hata siku moja.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza yaliyotokea upande wa pili. Mzee aliacha gari barabarani, kama lile agizo lilivyotaka, akateremka kwa miguu. Alishika kiondo kwa mikono miwili. Akifika alikiweka kwenye kigoda nje ya mlango, akasema, "Mzigo wa mtoto," akageuka. Chai alikataa, muda haukumtosha. Mvua ikinyesha na njia ikawa tope alikuja viatu mkononi, suruali imekunjwa, na miguu yake ya uzee ikatetemeka akipanda kurudi. Saa nzima ya kula, isiyolipwa, mtu wa miaka yake aliimaliza kwenye mteremko ule kwa ajili ya mtoto asiye wake. Mama mkwe akaanza kumtilia ndizi za kuchoma ndani ya kiondo kitupu, na mzee alizila akitembea.

Mtoto akanenepa. Kliniki walimpima mara ya kwanza, wakampima tena, muuguzi akafikiri mizani imekosea. Mama mkwe alinipigia simu kunieleza na nikapiga kelele katikati ya stoo mpaka karani akaangusha kalamu. Tulikuwa tumebakisha kidogo tu kufikia ule uzito.

Wakati huohuo maziwa yalikuwa yanapotea pale depo. Nani alikuwa anayachukua, mpaka leo sijui. Msimamizi akaagiza magari yakaguliwe yanapotoka getini. Sisi wa usiku hatukuambiwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa stoo nikirudisha kreti nikasikia kelele. Nilipotoka nje, mzee alikuwa amesimama kando ya gari lake, kofia mkononi. Kiondo kilikuwa juu ya boneti na leso yangu imefunguliwa, inapepea. Madereva na wapakiaji walikuwa wamezunguka. Msimamizi alikuwa ameshika chupa.

"Mzee, hii ni nini?"

Mzee aliigeuza kofia mkononi.

"Chupa ni ya kampuni. Umetoa karatasi. Umeficha na leso. Unapelekea nani?"

"Ni mzigo," mzee akasema.

"Mzigo wa nani?"

Nilimwona akitafuta neno. Aliitazama ile chupa, halafu akatazama chini haraka kama aliyeona asichopaswa kuona. Alikuwa na jibu la kumwokoa. Lilikuwa neno moja, na watoto wa juzi wote pale wangelisema bila kufikiri. Yeye alikuwa hawezi.

Msimamizi akafungua chupa, akanusa, akamimina kidogo kwenye kifuniko na kuonja.

"Na ameongeza maji!" akasema. "Hata kuiba hajui!"

Watu wakacheka. Kisha akaigeuza chupa, akaimwaga yote kwenye sakafu, pale penye mafuta ya gari. Nilitazama maziwa yakienda. Nilikuwa nimekaa saa nzima gizani kuyatafuta yale, usiku ambao yalitoka kwa shida, na sasa yaliingia kwenye ufa wa sementi.

Nilikuwa nimeshasogea mbele bila kujua.

"Hiyo maziwa ni yangu," nikasema.

"Yako? Ulinunua wapi?"

"Sikununua. Imetoka kwangu." Nikajipiga kifuani, kwa kiganja, mbele ya wanaume wote wale. "Ni ya mtoto wangu. Nimekamua hapa. Na wewe umekunywa."

Msimamizi alibaki na kifuniko mkononi, mdomo wazi kidogo, hajui ameze au ateme. Kijana mmoja alianza kucheka na mwenzake akamkanyaga mguu. Siku nyingine ningefurahia. Lakini nilikuwa nimegeuka kumtazama mzee, na mzee hakuwepo. Alikuwa ametembea mpaka ukutani karibu na mfereji, akasimama uso umeelekea ukuta, mabega yamepanda, kama mtoto aliyeadhibiwa. Wizi walikuwa wamemsingizia na akavumilia. Mimi nilikuwa nimemvua nguo.

Msimamizi aliingia ofisini. Mimi nilikwenda kwenye chumba changu cha kupanga pale mjini, nilikokuwa nikilala mchana, nikalala juu ya kitanda na viatu. Nilijua nimefutwa. Nilipanga matusi nitakayomwachia, mengine ya Kimbeere, ambayo hayana mfano wake kwa Kiswahili.

Alasiri nikaenda nimejitayarisha. Msimamizi hakuinua macho kutoka kwenye skrini.

"Yule mzee amekubali," akasema. "Alikuwa anaiba maziwa ya kampuni. Amesema mwenyewe, na ameenda nyumbani."

"Lakini mimi nimesema asubuhi, mbele ya watu..."

"Wewe hukusema kitu. Gari yako inangoja."

Nilitoka nje nikawauliza wenzangu. Walitazama magurudumu. Mmoja aliniambia kwa upole niache tu, mzee ameamua. Kumbe nilipokuwa nimelala wanaume walikuwa wamepatana bila kikao. Msimamizi alitaka maziwa yawe ya ng'ombe kwa sababu aliyaonja. Mzee alitaka yawe ya ng'ombe kwa sababu, kama ni ya ng'ombe, basi maneno yangu hayakusemwa, hakubeba alichobeba, na mimi sikujipiga kifua mbele yake. Tena ikiwa yeye ni mwizi, mimi sina kosa, na kazi yangu ipo. Nilielewa yote hayo nimesimama pale na funguo mkononi. Nikapanda gari, kwa sababu kliniki ilikuwa inalipwa na mshahara ule, na nikaendesha mpaka Embu nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kupewa.

Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kubeba kitu. Mifuko ilikaguliwa kuingia na kutoka. Saa yangu ya lanchi niliendelea kujikamua kwa sababu ya maumivu, na nilimwaga kwenye mtaro nyuma ya stoo, nikimwaga huku nimegeuza uso. Huko Kanyakine mama mkwe aliongeza maji kwenye maziwa ya ng'ombe, akachemsha, akaomba, akampa. Mtoto alihara. Uzito tulioupata kwa miezi uliondoka kwa siku chache, na uso wake ukarudi kuwa ule wa mwanzo, macho tu. Nilimwomba msimamizi anirudishe mchana. Nilimwomba vizuri, kwa sauti ya chini, mimi. Alisema ataangalia. Hakuweza tena kukaa chumba kimoja na mimi zaidi ya dakika.

Kisha maziwa yakaanza kupungua. Kuna usiku nilipita ile kona yetu nikafika Igoji nikiwa mkavu, na ndipo nilipojua. Siku yangu ya mapumziko nilimpakata mtoto, nikamwekea. Alivuta, akaachia, akanitazama kama anayeuliza, akavuta tena. Halafu akageuza shingo kumtafuta bibi yake.

Jioni hiyohiyo mama mkwe alinipeleka nyumbani kwa mzee. Peke yangu nisingeweza kwenda. Tulibeba sukari na majani ya chai. Tulimkuta shambani akiegemeza migomba kwa miti. Habari zilikuwa zimemtangulia kutoka Meru, kama kawaida yake. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akipitisha sahani ya sadaka, na sasa sahani walimpa mtu mwingine, bila kumwambia neno, walimpita tu. Mama mkwe alinieleza hayo njiani.

"Baba," nikasema, "twende nami nikaseme ukweli. Kanisani, depo, popote."

"Ukweli gani?" Hakuacha kazi yake. "Niliiba maziwa ya kampuni. Nimesema na mdomo yangu. Hiyo maneno ingine mimi sikusikia."

"Baba, walikuharibia jina."

"Jina ni yangu," akasema.

Akafunga kamba, akaivuta kuona kama imeshika. Ndipo akanigeukia, lakini macho aliyaweka kwenye mikono yangu.

"Na mtoto? Anaongezeka?"

Niliona usoni mwake jinsi alivyolipanga jambo lote. Alijua kazi yangu imebaki, na aliamini kwamba kama kazi imebaki, nilipata njia nyingine, na mtoto bado anapata chake. Jina lake alilitoa kwa hesabu hiyo. Nilitaka kumwambia kwamba yameisha. Kwamba yamekauka, kwamba mtoto ameniacha, kwamba anahara na amerudi kuwa macho tu. Nililitafuta neno la kuanzia, na kila lililonijia lilikuwa lile ambalo mke wa mwana hawezi kulitamka mbele ya baba. Mama mkwe alikuwa ananitazama, kichwa akikitikisa kidogo sana.

"Anaongezeka, Baba," nikasema.

"Basi," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, akainama kuchukua mti mwingine.